Barua ya wazi kwenu mnaoidhinisha vita: wekeni na mashaka mezani

Waheshimiwa marais, mawaziri wakuu, wabunge, na ninyi wakuu wa idara za ujasusi ambao aghalabu hatuwajui hata kwa majina,

Nawaandikia sasa, kabla hamjasimama mbele yetu na ramani na picha za setilaiti. Siku ile ikifika, barua ya aina hii haisomwi. Anayeuliza swali siku hiyo huambiwa anamtetea adui, na mjadala unaishia hapo.

Watu huuliza kama kweli serikali hutumia ushahidi wa uongo kuhalalisha vita. Hutumia. Wala hizo si porojo za vijiweni. Zimo katika ripoti za tume mlizoziunda wenyewe na kuzigharamia kwa kodi zetu. Ila jibu likiishia hapo linawaachia pa kujificha. Ukitaja ushahidi wa uongo, kila mmoja wenu humfikiria mtu aliyejifungia chumbani akigonga mihuri bandia, kisha hujipima: je, mimi nimewahi kughushi chochote? La. Basi huona barua haimhusu. Inamhusu. Vita vikubwa vya zama hizi havikuhitaji mghushi. Vilihitaji taarifa iliyokuwa na mashaka yake halali, ikavuliwa shaka moja baada ya jingine kadiri ilivyopanda ngazi, hata ilipowafikia ninyi ikawa imebaki uhakika mtupu. Kati ya wote walioishika, hakuna aliyejiona amesema uongo. Kila mmoja alifupisha tu.

Waghushi halisi wapo, nami sitawaruka, ingawa sitakaa nao sana. Usiku wa tarehe 18 Septemba 1931, maofisa wa jeshi la Japani walilipua baruti kwenye reli iliyokuwa mikononi mwao wenyewe karibu na Mukden, Manchuria, kaskazini-mashariki mwa China, wakawasingizia Wachina. Mlipuko wenyewe ulikuwa hafifu kiasi kwamba treni ilipita mahali pale muda mfupi baadaye ikafika salama, lakini kazi ya kuiteka Manchuria ilikuwa imeshaanza. Tarehe 31 Agosti 1939, watu wa SS, kikosi cha Wanazi wa Ujerumani, walivamia kituo cha redio cha Gleiwitz wakijifanya Wapolandi, wakatangaza maneno machache kwa Kipolandi, wakaacha maiti ya mtu waliyemkamata siku moja kabla ili iwe kielelezo. Kesho yake Ujerumani iliingia Poland. Miezi mitatu baadaye, tarehe 26 Novemba, makombora yaliangukia kijiji cha Mainila, upande wa Sovieti wa mpaka na Ufini, na Moscow ikatangaza kwamba Wafini ndio waliopiga.

Kuhusu Mainila kuna jambo dogo ambalo naomba mlikumbuke. Serikali ya Ufini ilijibu kwamba makombora yale yalitoka upande wa Sovieti, na ikapendekeza uchunguzi wa pamoja. Moscow ilikataa. Siku nne baada ya tukio, majeshi yake yalivuka mpaka. Aliyeshambuliwa kweli ana sababu gani ya kukataa uchunguzi?

Na msijifariji kwamba hayo ni mambo ya madikteta. Oktoba 1956 wajumbe wa Uingereza, Ufaransa na Israeli walikutana kwa siri huko Sèvres, karibu na Paris, wakaafikiana: Israeli iishambulie Misri, kisha Uingereza na Ufaransa zijitokeze kama wasuluhishi waliokuja kuwatenganisha wapiganaji na kuulinda Mfereji wa Suez. Ikawa hivyo. Tarehe 20 Desemba Waziri Mkuu Anthony Eden alilieleza Bunge kwamba serikali yake haikuwa na habari za awali kuwa Israeli ingeshambulia. Alikuwa ameshaagiza nakala ya makubaliano iteketezwe. Nakala ya Israeli haikuteketezwa, nayo ndiyo iliyokuja kumuumbua alipokuwa ameshazikwa miaka mingi. Hata Idi Amin, alipoingiza majeshi Kagera mwaka 1978, alidai kwamba Tanzania ndiyo iliyotangulia kuivamia Uganda. Mchokozi yeyote, awe na bunge au asiwe nalo, hutaka aonekane amechokozwa.

Sasa niingie kwenye lile ambalo mnalifanya bila kughushi.

Tarehe 2 Agosti 1964, manowari ya Marekani iitwayo Maddox ilishambuliwa na boti za Vietnam Kaskazini katika Ghuba ya Tonkin. Hilo lilitokea kweli. Usiku wa tarehe 4, Maddox na mwenzake Turner Joy, katika giza na hali mbaya ya hewa, ziliripoti kwamba zimeshambuliwa tena, zikafyatua mizinga kwa muda mrefu kuelekea vitu vilivyoonekana kwenye rada. Rubani James Stockdale, aliyekuwa akizunguka juu yao usiku ule, hakuona boti hata moja. Kamanda aliyekuwa baharini, John Herrick, aliwahi mapema kupeleka ujumbe wa tahadhari: kwamba akipitia upya yaliyotokea, taarifa nyingi za boti na topido zinatia shaka, kwamba huenda hali ya hewa iliihadaa rada na wasikilizaji wa sona, chombo cha kunasa sauti chini ya maji, walikuwa na pupa, kwamba Maddox haikuona kitu kwa macho. Akashauri tathmini kamili ifanywe kabla ya hatua nyingine yoyote.

Tazameni mambo yalivyokaa hapo. Shaka haikugunduliwa na wanahistoria. Ilitumwa na mtu aliyekuwapo, ndani ya saa chache, ikiwa na sababu zake na pendekezo lake. Usiku uleule Rais Lyndon Johnson alitokea kwenye televisheni akatangaza mashambulizi ya kulipiza kisasi. Siku tatu baadaye Baraza la Wawakilishi lilipitisha azimio la kumpa mamlaka ya kutumia jeshi kwa kura 416 bila hata moja ya kupinga, na Seneti kwa kura 88 dhidi ya 2. Hao wawili walikuwa Wayne Morse na Ernest Gruening, na mwaka 1968 wote walipoteza viti vyao. Wamarekani zaidi ya 58,000 walikufa katika vita vile, na Wavietnam mara nyingi zaidi ya hao.

Mwaka 2005 ndipo idara ya Marekani inayonasa mawasiliano, NSA, ilipotoa hadharani utafiti wa mwanahistoria wake mwenyewe, Robert Hanyok. Alionyesha kwamba shambulio la tarehe 4 Agosti halikuwapo, na kwamba sehemu kubwa ya mawasiliano yaliyonaswa, yale yasiyoafikiana na habari ya shambulio, yaliachwa nje ya taarifa zilizopelekwa juu. Kwa maoni yake hapakuwa na amri kutoka Ikulu. Palikuwa na watu wa ngazi ya kati waliokosea kutafsiri, kisha wakafunika kosa lao. Hapo ndipo ninaposhikilia. Rais hakuhitaji kuagiza uongo. Ilitosha kila mtu chini yake ajue ni jibu gani linalosubiriwa.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Ya Tonkin ilichukua miaka 41, na wengi walioipitisha walifika mwisho wa maisha yao bila kusumbuliwa na mtu.

Iraq, iliyovamiwa na Marekani na Uingereza mwaka 2003, ndiyo somo lenye kurasa nyingi zaidi, kwa sababu tume ni nyingi na zilichimba. Oktoba 2002 idara za ujasusi za Marekani zilikamilisha tathmini ya pamoja ya kurasa 92 kuhusu silaha za maangamizi za Saddam Hussein. Ndani yake ofisi ya ujasusi ya Wizara ya Mambo ya Nje iliandika wazi kwamba haikubaliani na hoja ya silaha za nyuklia. Wabunge waliruhusiwa kuisoma katika chumba chenye ulinzi. Gazeti la Washington Post liliripoti baadaye kwamba maseneta waliosoma zaidi ya muhtasari wake wa kurasa tano hawakuzidi sita. Bob Graham, aliyekuwa mwenyekiti wa Kamati ya Ujasusi ya Seneti, alisoma na akapiga kura ya hapana. Azimio la kuruhusu vita lilipita kwa kura 77 dhidi ya 23 katika Seneti, na 296 dhidi ya 133 kwa Wawakilishi. Narudia kwa wabunge wa nchi zote wanaosoma barua hii: karatasi yenye mashaka ilikuwapo, mlango ulikuwa wazi, na wengi hawakuingia.

Chukueni suala la mirija. Iraq ilikuwa imejaribu kununua makumi ya maelfu ya mirija ya alumini. Baadhi ya wachambuzi wa CIA, shirika la ujasusi la Marekani, walisema ni ya kutengenezea mashinepewa, zile mashine zinazozunguka kwa kasi kubwa kurutubisha urani. Wataalamu wa Wizara ya Nishati ya Marekani, ambao mashine hizo ndizo kazi yao, walisema vipimo havifai. Vinalingana na maroketi ya kawaida ya milimita 81 ambayo Iraq ilikuwa ikiyatengeneza siku nyingi. Tarehe 5 Februari 2003, Waziri wa Mambo ya Nje Colin Powell alipohutubia Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, aliitaja tofauti hiyo. Tumpe haki yake. Alisema wataalamu wanatofautiana, ila walio wengi wanaamini ni ya urani. Ambacho hakukisema ni kwamba wachache waliopinga ndio waliokuwa wakizijua mashine hizo kuliko wote. Utaalamu ukahesabiwa vichwa, kama kura za mtaani. Baada ya vita wakaguzi wa Marekani yenyewe walihitimisha kwamba mirija ile ilikuwa ya maroketi.

Katika hotuba hiyohiyo Powell alionyesha michoro ya maabara za silaha za kibiolojia zilizofungwa juu ya magari. Michoro, kwa sababu picha hazikuwapo. Chanzo kikuu kilikuwa mkimbizi wa Kiiraki aliyekuwa Ujerumani, aliyepewa jina la siri la Curveball. Idara ya Ujerumani ndiyo iliyomhoji. CIA haikuwahi kumhoji yenyewe kabla ya vita, na ndani ya CIA walikuwapo waliotilia shaka maneno yake. Mwaka 2011 mtu huyo alikiri mbele ya waandishi wa habari kwamba alitunga. Powell alikuwa amewahakikishia wajumbe kwamba kila kauli yake ina vyanzo imara. Mwaka 2005 alisema hotuba ile ni doa katika kumbukumbu yake. Nami namwamini kwamba alidanganywa. Ndiyo maana nawaandikia ninyi: mkidanganywa na walio chini yenu, sauti inayosikika ni yenu, na wanaokufa hawaulizi nani alijua nini.

Katika kesi hii hata ughushi wa kawaida ulikuwapo. Nyaraka zilizodai kwamba Iraq ilitaka kununua urani ya Niger zilikuwa bandia. Moja ilikuwa barua ya mwaka 2000 yenye saini ya waziri aliyeondoka kwenye wadhifa ule tangu 1989. Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki lilipokabidhiwa nyaraka hizo halikuchukua muda kuona kasoro, na tarehe 7 Machi 2003 mkuu wake, Mohamed ElBaradei, alilieleza Baraza la Usalama kwamba si halisi. Wiki mbili hazikwisha, vita vikaanza. Kwa hiyo wanaosema laiti tungejua mapema, hilo walilijua mapema.

Siku ileile Hans Blix, mkuu wa wakaguzi wa silaha wa Umoja wa Mataifa, alisema kazi iliyobaki haitachukua miaka, wala si ya wiki, bali ni ya miezi. Watu wake walikuwa wamefanya ukaguzi zaidi ya mara 700 tangu Novemba, wakiwa huru kuingia walikotaka, na ghala la silaha hawakuliona. Walinyimwa miezi hiyo. Baadaye kikosi kikubwa cha wachunguzi wa Marekani kiliipekua Iraq yote kwa zaidi ya mwaka, risasi zikirindima, na ripoti yake ya 2004 ikasema hakukuwa na maghala. Silaha za kemikali ziliharibiwa tangu mwaka 1991. Miezi iliyokataliwa ilitumika hata hivyo, kwa bei nyingine.

Siwatendei haki Rais George W. Bush wa Marekani na Waziri Mkuu Tony Blair wa Uingereza nikisema walijua hakuna kitu. Saddam aliwaua Wakurdi wa Halabja kwa gesi mwaka 1988 na aliwahi kuwaficha wakaguzi mambo mengi. Kumshuku lilikuwa jambo la akili. Lakini kushuku ni kitu kimoja na kutangaza uhakika ni kitu kingine, na hapo Waingereza waliandika vizuri kuliko wote. Mwaka 2004 tume ya Lord Butler ilisema waraka wa serikali wa Septemba 2002 haukueleza vya kutosha udhaifu wa taarifa zake, na kwamba yale madai maarufu ya silaha za Iraq kuwa tayari kutumika ndani ya dakika 45 hayakupaswa kuwekwa bila kufafanua ni silaha za aina gani. Tume ya Chilcot ilifanya kazi miaka saba, na mwaka 2016 ikasema tathmini ya tishio iliwasilishwa kwa uhakika usiostahili. Hata sheria ilipitia mlango uleule. Tarehe 7 Machi 2003 Mwanasheria Mkuu, Lord Goldsmith, aliandika ushauri wa kurasa 13 wenye tahadhari kadhaa kuhusu uhalali wa vita. Siku kumi baadaye Baraza la Mawaziri lilipewa jibu fupi lisilo na tahadhari hizo, na kesho yake Bunge likaidhinisha kwa kura 412 dhidi ya 149. Robin Cook, aliyewahi kuwa Waziri wa Mambo ya Nje na aliyezisoma taarifa za ujasusi kwa miaka minne, alikuwa ameshajiuzulu.

Najua wapo kati yenu watakaosema: lakini kuna vita vya haki. Nakubali. Kuwait ilivamiwa kweli tarehe 2 Agosti 1990, na haikuhitaji kisa cha kubuni ili ulimwengu uone. Hata hivyo Oktoba mwaka huo binti wa miaka 15 alisimama mbele ya kikao cha wabunge wa Marekani, akisimulia kwa machozi jinsi askari wa Iraq walivyowatoa watoto wachanga kwenye mashine za joto hospitalini na kuwaacha wafe sakafuni. Jina lake la ukoo lilifichwa. Januari 1992, vita vikiwa vimekwisha, ikajulikana kwamba alikuwa binti wa balozi wa Kuwait mjini Washington, na kwamba ushahidi wake uliandaliwa kwa msaada wa kampuni ya uhusiano wa umma iliyolipwa kwa kampeni ya kuitetea Kuwait. Wachunguzi wa haki za binadamu waliofika hospitali zile baadaye hawakupata uthibitisho wa kisa hicho. Januari 1991 maseneta walikuwa wameidhinisha vita kwa kura 52 dhidi ya 47; wamo waliokitaja kisa hicho wakitetea kura yao. Hiyo ndiyo hasara ya kuongeza chumvi kwenye ukweli. Waliotaka kuipinga Iraq kwa haki waliachiwa aibu, na maiti za kweli za Kuwait zikatiliwa shaka pamoja na zile za kubuni.

Na kama mnafikiri watu kutowaamini ni kero ndogo, mwangalieni Adlai Stevenson, balozi wa Marekani katika Umoja wa Mataifa. Aprili 1961, ndege zilipoipiga Cuba mabomu, alisimama Umoja wa Mataifa akionyesha picha ya ndege yenye alama za jeshi la anga la Cuba, kuthibitisha kwamba marubani waasi wa Castro ndio waliofanya hivyo. Ndege ile ilikuwa imepakwa rangi na CIA. Waandishi wa habari waliona kwamba pua yake ilikuwa ya chuma, ilhali ndege za aina hiyo za Cuba zilikuwa na pua ya plastiki angavu. Stevenson hakuambiwa, alionyesha uongo akidhani ni kweli. Oktoba 1962 mtu huyohuyo alirudi na picha nyingine, safari hii mbele ya Baraza la Usalama, za makombora ya Sovieti nchini Cuba. Zilikuwa za kweli, na zilieleweka hivyo, kwa sababu zilipigwa kutoka angani kwa siri kubwa na bado serikali ikazitoa hadharani, ziweze kuchunguzwa na yeyote mwenye jicho la kitaalamu. Nalisema hili kwa wale wanaojitetea kila mara kwamba vyanzo ni siri. Safari za U-2, ndege ya kijasusi iliyopiga picha hizo juu ya Cuba, nazo zilikuwa siri, na picha zake zilikuja kuokoa dunia isiingie vitani, si kuiingiza.

Mwishoni mwa 2021 na mapema 2022 Marekani na Uingereza zilitangaza kwamba Urusi inajiandaa kuivamia Ukraine. Zilikuwa sahihi. Wengi hawakuziamini, wakiwamo viongozi wa Ulaya, na waliotaja Iraq kama sababu hawakuwa wajinga. Upande wa pili Vladimir Putin alianza uvamizi akidai kuzuia mauaji ya kimbari huko Donbas, mashariki mwa Ukraine. Tarehe 16 Machi 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilisema haina ushahidi unaothibitisha dai hilo. Kisingizio kilekile cha zamani, ila sasa mwongo alikuwa na la kusema: nyinyi je?

Ninachoomba hakihitaji katiba mpya.

Siku mtakayoleta ombi la vita, leteni taarifa nzima pamoja na maoni ya waliokataa, na mseme waliokataa ni wataalamu wa nini. Kama kuna sentensi lazima zifutwe kulinda uhai wa mtu, zifutwe, lakini shaka lisifutwe pamoja nazo. Mtuambie pia kila dai kubwa limetoka kwa watu wangapi: kama ni mkimbizi mmoja asiyehojiwa na watu wenu, semeni ni mkimbizi mmoja. Kukiwa na wakaguzi huru ndani ya nchi husika wakaomba muda, wapewe. Na anayekataa uchunguzi huru alazimike kueleza sababu yake kwa maandishi, awe adui au awe ninyi. Nyaraka za uamuzi zifunguliwe wakati walioufanya wangali hai na wanaweza kuulizwa, si baada ya miaka 41. Na nchi ikivamiwa asubuhi, vifaru viko barabarani, hakuna anayedai kurasa 92. Kujihami hakuhitaji michoro. Nasemea vile vita ambavyo inabidi tushawishiwe.

Kwa wakuu wa ujasusi nina neno moja tu. Machi 2003 mchambuzi wa Australia, Andrew Wilkie, alijiuzulu hadharani siku chache kabla ya vita kwa sababu alichokisoma ofisini hakikufanana na alichokisikia kutoka kwa mawaziri. Baadaye wananchi walimchagua kuwa mbunge. Ofisini kwenu wapo watu kama yeye, wengine wakiwa bado hawajaandika chochote kwa kuogopa cheo. Waulizeni kabla hatujawauliza.

Kwa wabunge, kazi yenu nawaona mnaiweza mwezi huuhuu. Desemba 1847 mbunge mgeni kutoka Illinois, Abraham Lincoln, alimtaka Rais James Polk aonyeshe ni mahali gani hasa ilipomwagika damu ya Wamarekani katika ardhi ya Marekani, damu iliyotumika kutangaza vita dhidi ya Mexico. Polk hakumjibu. Pitisheni kanuni kwamba swali kama hilo lazima lijibiwe kabla ya kura, na kwamba hakuna mbunge anayeruhusiwa kupiga kura ya vita bila kutia saini daftarini kuwa amesoma taarifa yote, si muhtasari. Daftari lichapishwe siku hiyohiyo, na majina ya wasiosaini yawemo.

Nasubiri kuona ni bunge gani litaanza.

Wenu,
Mpiga kura